Sahani ya Ndugu

Marafiki wawili wanaofungua mgahawa huwa na kila kitu isipokuwa kalamu. Mmoja ana masufuria na mkono wa kupika, mwingine ana kibanda kando ya barabara na fedha kidogo za unga na mafuta. Maombi yamefanywa, jina limechorwa ukutani kwa rangi, na atakayethubutu kusema "tuandikiane" ataonekana amemwagia moto maji. Mwenzake atamtazama na kumuuliza: kwani huniamini? Swali hilo hutolewa kwa sauti ya utani, lakini limebeba mzigo wa dini na wa maadili. Je, kumwomba rafiki hati ni kumtuhumu? Na kama ni kumtuhumu, mwenye imani anaweza kulifanya jambo hilo na bado akajiita rafiki? Ninachotaka kuonyesha ni kwamba tuhuma huzaliwa pale ambapo hapakuandikwa kitu, na kwamba hakuna biashara inayoonyesha ukweli huo vizuri kama biashara ya kuuza chakula.

Tuuweke mgahawa huo Manono, jimboni Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo uliinuliwa na bati. Kampuni ya Kibelgiji ya Géomines ilichimba hapo kwa miongo kadhaa na kujenga mtambo wa umeme wa maji wa Piana Mwanga kwenye mto Luvua. Baadaye kazi ikadorora, na vita vya mwisho wa karne iliyopita vikaacha viwanda magofu. Halafu ikaja habari ya lithiamu: mwaka 2019 kampuni ya AVZ Minerals ya Australia ilitangaza kwamba chini ya ardhi hiyo kuna mwamba wa tani milioni 400 wenye madini hayo. Tangu hapo mji umekuwa ukisubiri, na watu wanaosubiri lazima wale. Dereva, mchimbaji mdogo, fundi na karani wa shirika la misaada wote wanahitaji bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, saa sita mchana. Mgahawa ni mojawapo ya biashara chache zinazoweza kuanzishwa kwa mtaji wa mfukoni, na kwa kuwa hakuna benki itakayomkopesha mtu ambaye dhamana yake ni sufuria, rafiki ndiye benki. Basi urafiki hubebeshwa kazi ambayo haukuumbiwa, na hubebeshwa mahali pagumu. Sahani inauzwa kwa faranga, lakini bei ya mafuta, mchele na samaki wa chumvi waliosafirishwa kutoka Lubumbashi au Kalemie huifuata dola. Mvua ikiharibu barabara, bei hupanda. Faranga ikishuka, faida ya wiki nzima yaweza kuyeyuka bila mkono wa mtu yeyote kugusa sanduku la fedha. Hasara ya namna hiyo haina mwizi. Tatizo ni kwamba hasara isiyo na mwizi, ikikosa daftari, hujitafutia mwizi wake yenyewe, na mtu aliye karibu zaidi ni yule mbia.

Wala si Manono tu. Mwaka 2005 H. G. Parsa na wenzake walichapisha uchunguzi wa migahawa ya Columbus, jimboni Ohio, Marekani, mji wenye barabara za lami na umeme usiokatika. Katika kila migahawa minne, mmoja hivi ulifungwa au kubadilisha mwenyewe ndani ya mwaka wa kwanza, na kufika mwaka wa tatu yapata sita katika kila kumi ilikuwa imekwenda njia hiyo. Ikiwa huko ndiko hali ilivyo, marafiki wa Manono wanapaswa kujiuliza mapema watakuwa nani kwa kila mmoja siku mgahawa utakapofungwa, maana kufungwa kwake si ajali ya kushangaza.

Chakula kina ugumu wake wa pekee. Duka la misumari huuza kitu ambacho hakuna mila inayosema kitolewe bure. Mgahawa huuza kile ambacho mila, Injili, Kurani na mama mzazi vyote vimetuamuru tukitoe. Kumnyima mtu chakula huku chungu kinachemka ni aibu ambayo haifutiki kirahisi. Kwa hiyo saa saba mchana anapoingia mtoto wa shangazi wa mpishi, akakaa, akasalimia, akanyamaza kama wanyamazavyo wenye njaa, mpishi hufanya alilofundishwa tangu utotoni: humpakulia. Kesho anakuja shemeji wa mwenye kibanda. Keshokutwa anakuja katekista, na juma linalofuata ni mazishi, na sufuria zima linapelekwa msibani. Kila sahani moja ni tendo jema. Lakini nusu ya kila sahani ilikuwa mali ya mtu mwingine, ambaye hakuulizwa. Hapa ndipo neno ukarimu linapoanza kutudanganya, kwa sababu aliyetoa anajiona amepungukiwa na kitu chake, kumbe ametoa pia kisicho chake, na shukrani zote amezipokea peke yake.

Maandiko yanalijua jambo hili vizuri kuliko vitabu vya biashara. Katika kitabu cha pili cha Samweli, nabii Nathani anamsimulia Daudi habari za tajiri aliyefikiwa na mgeni. Tajiri hakutaka kuchinja katika kundi lake. Akamchukua mwanakondoo wa pekee wa maskini jirani yake, akamwandalia mgeni. Sisi tumezoea kuisoma hadithi hiyo kwa ajili ya Bathsheba, mke wa mtu ambaye Daudi alimchukua, na kuisahau meza. Hebu tuitazame meza: mgeni alikula akashiba, mwenyeji alisifika kwa kukaribisha, na dhuluma ilifanyika ndani ya ukarimu wenyewe. Katika Kurani, sura ya Sad, ni huyohuyo Daudi anayefikiwa na watu wawili wanaogombania kondoo, mmoja ana tisini na tisa na mwingine ana mmoja. Na katika hukumu yake anasema kwamba wengi wa wanaochanganya mali zao hudhulumiana, isipokuwa wenye imani na matendo mema, nao ni wachache. Wanasheria wa Kiislamu nao wanafundisha kwamba mbia hana ruhusa ya kugawa zawadi kutoka mali ya ubia bila idhini ya mwenzake. Hata sadaka ina mwenyewe.

Mtu atasema: marafiki wa kweli hawadhulumiani, kwa hiyo maonyo haya ni ya walaghai. Ningekubali kama dhuluma ingehitaji nia mbaya. Haihitaji. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili nchini Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, ni kiasi gani cha kazi za nyumbani anachokifanya yeye. Walipojumlisha majibu ya mume na mke, jumla ilielekea kupita asilimia mia. Hakuna aliyekuwa akisema uongo. Kila mmoja alikumbuka alfajiri zake mwenyewe kwa sababu alikuwepo, na za mwenzake alizisikia tu kwa mbali. Mpishi anakumbuka moshi wa makaa machoni tangu saa kumi na moja. Hajui mwenzake alisimama saa ngapi juani akisubiri lori la unga. Mwenye kibanda anakumbuka lori. Hajui uzito wa kugeuza bukari la watu hamsini. Baada ya miezi sita kila mmoja ana hesabu moyoni, zote mbili zimefanywa kwa uaminifu, na hazilingani. Ndiyo maana napenda usahihi wa methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Waliotunga hawakusema huibiwa. Walisema hupotea, na hakuna anayejua ilipopitia. Anayeomba daftari kwa rafiki anaweza basi kulijibu lile swali la "huniamini?" bila kusema uongo: wewe nakuamini, ninayemtilia shaka ni mimi na kumbukumbu yangu, ambayo hunipendelea kila siku bila kuniomba ruhusa.

Pingamizi jingine husikika sana katika Afrika yetu, nalo ni kwamba kuandikiana ni desturi ya wageni. Wazee waliishi kwa neno. Hili si kweli, na ni ajabu kulisikia katika nchi ya Waluba, ambako Manono ipo. Wazee hao ndio waliokuwa na lukasa, ubao wa mbao unaotosha kushikwa kwa mkono mmoja, uliopangwa shanga, ambao watu wa chama cha Mbudye waliupitishia kidole wakisoma habari za wafalme, safari, mipaka na haki za kila ukoo. Taifa lililoamini kwamba neno linatosha lisingehangaika kupanga shanga. Walijua kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja humpendelea mwenyewe, kwa hiyo wakaitoa kichwani wakaiweka mahali ambapo wengine nao wangeiona. Na urafiki wenyewe, ulipogusa biashara na safari, haukuachwa wazi. Mwaka 1876 Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, alichanjiana damu na msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley, mbele ya watu, laana zikatamkwa kwa atakayeuvunja udugu huo. Sina haja ya kumpamba Stanley. Ninachosema ni kwamba njia za misafara za mashariki ya Kongo na Tanganyika zilijaa ndugu wa kuchanjana kama hao, na kwamba hakuna aliyewaambia: mkipendana, ya nini chale? Chale ndiyo iliyokuwa hati.

Leo hii akina mama wa sokoni wanaocheza likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, wanalijua hilo pia. Wengi hawana daftari lolote la maana, lakini kila mmoja anajua tarehe, kiasi na zamu, na fedha hutolewa wengine wakiona. Kwa hiyo anayeogopa kwamba hoja yangu inamtupa nje asiyejua kusoma atulie. Karatasi ni chombo kimoja tu. Kinachotafutwa ni kwamba jambo litoke moyoni mwa wawili likae mahali ambapo macho ya mtu wa tatu yanaweza kulifikia: shahidi, mzee wa kanisa, vijiti vilivyokatwa alama, hata mistari ya mkaa ukutani jikoni.

Wenye imani wana pingamizi lao zito zaidi. Yesu alifundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Kwa nini basi Mkristo aongeze saini? Na Kurani, baada ya aya yake ndefu kuliko zote, ambayo inahusu kuandika deni, inaongeza katika aya inayofuata kwamba watu wakiaminiana, aliyeaminiwa na arudishe amana yake. Ni lazima nikiri kwamba wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaihesabu amri ya kuandika kuwa pendekezo, si faradhi. Siwezi kumwambia Mwislamu wa Kasongo au Kalemie kwamba ametenda dhambi kwa kutoandika. Lakini sababu inayotolewa katika aya ile ndefu yanitosha: kuandika, dogo au kubwa, ni karibu zaidi na uadilifu na huondoa shaka. Shaka haiondolewi kwa ajili ya mahakama tu. Inaondolewa kwa ajili ya usingizi wa wale wawili. Kuhusu ndiyo na siyo, mafundisho hayo yanakataza viapo vinavyojaribu kuupa uongo uzito. Hayamkatazi mtu kukumbuka ndiyo yake ilikuwa juu ya nini. "Tutagawana" ni ndiyo safi kabisa ambayo watu wawili wanaweza kuitamka kwa moyo mmoja huku mmoja akifikiria nusu kwa nusu na mwingine akifikiria baada ya kulipwa mpishi.

Na tumtazame Yeremia. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, nabii amefungwa, naye ananunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mwana wa ami yake. Wao ni ndugu wa damu, na mnunuzi ni mtu wa Mungu. Pamoja na hayo anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaita mashahidi, anafanya nakala mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, na kuamuru zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Sioni dalili yoyote kwamba alimshuku Hanameli. Hati ile ilikuwa ushuhuda wa tumaini: kwamba ingefika siku ya kulitumia shamba, na siku hiyo mtu angehitaji kujua lilikuwa la nani. Marafiki wanaofungua mgahawa katika mji unaosubiri mgodi wako karibu na Yeremia kuliko wanavyodhani.

Pingamizi ninaloliogopa mwenyewe ni jingine. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha habari za vituo vya kulelea watoto vya Haifa, Israeli. Wazazi waliokuwa wakichelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini, na badala ya kupungua, kuchelewa kukaongezeka hadi kukaribia maradufu. Faini ilipofutwa, hali haikurudi kama zamani. Kilichokuwa haya mbele ya mwalimu kilikuwa kimegeuka huduma yenye bei. Basi je, daftari halitafanya vivyo hivyo kwa urafiki? Mpishi akiandikiwa kila saa yake, hataanza kuhesabu hata dakika anayokaa na mwenzake kuzungumza? Naliona hatari hiyo. Aristotle naye aliiona karibu miaka 2,400 iliyopita. Katika kitabu cha nane cha maadili anasema kwamba malalamiko hujaa katika urafiki wa manufaa, na humo anatofautisha ule wenye masharti yaliyotajwa na ule unaotoa kama kwa rafiki lakini unatazamia kurudishiwa sawasawa au zaidi. Hapo pa pili ndipo uchungu unapokaa: mtu alisema ni zawadi, moyoni aliandika mkopo.

Lakini ukiangalia vizuri, Haifa inatufundisha mipaka ya daftari, haitufundishi kulichoma. Kosa la vituo vile lilikuwa kuiwekea bei fadhila. Marafiki wanapaswa kuandika mambo ya biashara tu ili fadhila ibaki huru. Nani ameleta nini, na vina thamani gani siku ya kwanza, kwa sababu masufuria yatachakaa upesi kuliko kibanda. Mpishi atalipwa nini kabla ya faida kugawanywa. Hili wengi hulisahau, na matokeo yake jasho la mmoja hugeuka mtaji wa wote wawili. Nani ana idhini ya kumkopesha mteja hadi mwisho wa mwezi. Na ile sahani ya ndugu, ambayo kwangu ndiyo kifungu chenye dini kuliko vyote: kila mbia awe na sahani zake kadhaa kwa juma, zikatwe kwenye fungu lake mwenyewe, na za msibani zikubaliwe na wote wawili. Wengine wataona ni ubahili. Mimi naona ndiyo njia pekee ya mpishi kumlisha mtoto wa shangazi yake kwa chakula chake kweli. Sasa ametoa. Jana alikuwa akigawa cha rafiki. Na mwenzake akisema, "hiyo ya leo iwe juu yangu," maneno hayo sasa yana maana, kwa kuwa kuna kitu kimetoka mfukoni mwake kwa hiari. Bila hesabu hakuna hata nafasi ya kusamehe deni, kwa maana huwezi kusamehe kiasi usichokijua.

Mtu wa Manono anaweza kunicheka kwa uchungu. Mji wake una mikataba iliyoandikwa na mawakili wa bei kali, na bado kuna ugomvi. Mwaka 2017 AVZ iliingia ubia ambamo Cominière, kampuni ya serikali ya Kongo, ilikuwa mbia. Mwaka 2021 Cominière iliuza sehemu ya hisa zake kwa kampuni ya Kichina ya Zijin, AVZ ikadai ilistahili kupewa nafasi ya kwanza ya kuzinunua, na mashauri yakafika kwa wasuluhishi wa kimataifa, mbali sana na Luvua. Kweli, karatasi haimgeuzi mbia kuwa mtu mwema, na wala haimlazimishi mwenye nguvu kuitii. Hata hivyo, ugomvi huo unafundisha swali ambalo hata wauza bukari hawapaswi kulikwepa: mmoja wetu akitaka kuuza fungu lake, anaweza kumleta mtu nisiyemjua jikoni kwangu? Kuhusu wanaodhani kwamba kutoandika kunawaweka nje ya sheria, habari si nzuri. Tangu 2012 Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na sheria yake ya makampuni inatambua ushirika uliozaliwa kwa matendo: watu wakienenda kama wabia bila kuunda kampuni yoyote, hakimu anaweza kuwahesabu wabia kamili, na hapo kila mmoja atawajibika kwa madeni yote kwa mali yake binafsi. Kwa maneno mengine, walionyamaza wamekwisha kuandikiana. Wamechukua tu masharti yaliyoandikwa na watu wengine, ambayo hawajayasoma.

Kifungu kigumu kuliko vyote ni cha kuachana, kwa sababu kukitaja siku ya ufunguzi kunafanana na kutaja mauti harusini. Lakini tukumbuke Mwanzo, sura ya 13. Abrahamu na Lutu, mwana wa ndugu yake, walitajirika pamoja hadi nchi ikawa haiwatoshi, wachungaji wao wakaanza kugombana. Mzee hakungoja ugomvi upande kutoka kwa wachungaji hadi kwa wenye mali. Alisema mapema tuachane, akamwachia kijana achague kwanza, na Lutu akachagua bonde la Yordani lenye maji. Ni mgawanyo usio sawa, ila ulikuwa wazi, na Abrahamu hakuubeba moyoni kama deni. Sura moja tu baadaye, Lutu anatekwa vitani na mali zake zote, na habari zinamfikia Abrahamu. Anawatoa watu wake 318, anawafuata wafalme mpaka Dani, anawapiga usiku, na kumrudisha Lutu pamoja na mali zake.